Shajara ya mradi: skuli yetu ya Ngamiani ina umri gani?

Naandika hapa kila hatua inapokamilika. Jina la shule nimeliacha makusudi. Anayetaka kuandika historia ya shule ya mtaa wake hahitaji jina la yetu. Anahitaji kujua fedha zilipotelea wapi na kazi gani ilirudiwa.

20 Januari 2024: Kuanza

Shule iko Ngamiani, jijini Tanga, katikati ya zile barabara za nambari. Ubao wa getini umeandikwa "Ilianzishwa 1974", na kwa hesabu hiyo mwaka huu inatimiza miaka 50. Kamati ya shule inataka kijitabu, picha za walimu wakuu wote, na ukuta wa historia kwenye jengo jipya la fedha za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi. Jengo la zamani la vyumba viwili litabomolewa, kwa kuwa mabati yake yameliwa na hewa ya chumvi na fundi wa halmashauri amekataza watoto wasikae ndani. Haraka yetu imetokea hapo.

Tuko wanne. Mimi nina duka la kopi na picha za pasipoti. Wa pili ni mwalimu wa historia, wa tatu karani mstaafu wa bandari, na wa nne mama mmoja mjumbe wa kamati ambaye hakuna nyumba mtaani anakosewa karibu. Barua ya kuomba ruhusa ilipita kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata, kisha ofisi ya jiji. Ianzeni mapema, maana bila muhuri hakuna mlango utakaofunguka.

Mfuko wa kuanzia ni shilingi 400,000, nusu kutoka kamati na nusu kutoka kundi la WhatsApp la waliosoma hapa.

17 Februari 2024: Stoo

Stoo ilifunguliwa mwalimu mkuu akiwapo. Juu palikuwa na madawati mabovu na ngoma ya gwaride, chini makaratasi. Mchwa walianzia chini wakipanda, kwa hiyo vitabu vilivyokuwa juu ya rundo ndivyo vilivyopona: rejista za kuandikisha wanafunzi, vitabu vya mahudhurio vya miaka fulani fulani, daftari moja la wageni, na bahasha ya stakabadhi.

Karatasi zilikuwa na unyevu. Siku ya kwanza tulizianika juani juu ya mkeka, kama mtu anayeanika muhogo. Kufika adhuhuri kurasa zilikuwa zimejikunja na wino wa buluu wa kalamu za kuchovya umeanza kupauka. Tukazirudisha ndani upesi. Njia iliyofaa ni hii: chumba chenye feni, gazeti kavu kila baada ya kurasa chache, tofali lililofungwa kitambaa juu ya kitabu, na magazeti kubadilishwa asubuhi na jioni. Inachukua muda, lakini wino unabaki. Vaeni barakoa, kwa sababu vumbi la ukungu lilimlaza karani wetu kwa kifua.

Skana ya dukani nayo haikufaa. Inataka kitabu kilazwe na kukandamizwa, na rejista ya kwanza tuliyoiweka ilikatika uzi wa mgongoni. Tukahamia simu. Seremala alitutengenezea stendi ya mbao ya kuishikilia ikitazama chini (15,000), tukanunua kioo cha kulaza ukurasa (8,000) na taa mbili za mezani (30,000). Picha za mwanzo zilijaa mng'ao wa taa ya dari. Mkizima taa ya dari na kuziweka zile mbili ubavuni, mwanga ukija kwa mshazari, hata maandishi ya penseli yaliyofutika yanaonekana.

Kilichomeza fedha ni diski ya kuhifadhia, 140,000. Nakala ya pili iko nyumba nyingine, mtaa mwingine. Hilo msilibanie matumizi.

9 Machi 2024: Namba 613

Rejista kongwe iliyopona inaanza Januari 1974. Bila shaka aliyeandika ubao wa getini aliipata tarehe yake humo. Lakini mtoto wa kwanza kwenye ukurasa wa kwanza ana namba ya uandikishaji 613.

Namba hizi hazianzi upya kila mwaka. Mtoto wa leo anaendelea alipoishia wa jana, mpaka kitabu kiishe na kingine kifunguliwe. Kwa hiyo, kabla ya huyo wa 613, watoto 612 walikwisha kuandikishwa mahali fulani, na kitabu chao hatunacho.

Karani alishika kalamu. Darasa la mkondo mmoja hesabu yake ya kawaida ni watoto 45. Ukigawa 612 kwa 45 unapata miaka 13 na ushei, na madarasa yasiyojaa yanakusogeza hadi 14. Kutoka 1974 ukirudi nyuma miaka 14 unafika 1960, yaani kabla ya Uhuru.

Hatukumwambia mtu. Hesabu ya namba peke yake inaweza kudanganya, kwa mfano kama wakati fulani walianza upya au waliruka. Tulihitaji vyeti vya watu waliosoma miaka hiyo, vyenye namba.

30 Machi 2024: Mazungumzo ya Ramadhani

Mwezi mtukufu umetusaidia, kwa kuwa baada ya tarawehe wazee wako barazani na hawana haraka. Maswali yetu ndiyo hayakutusaidia. Tulipouliza "ulianza skuli mwaka gani?", tulipata miaka ya kubuni. Mzee mmoja alitupa mwaka wake wa kuzaliwa kama ulivyo kwenye kadi ya mpiga kura, akaongeza saba, na kadi yenyewe ilijazwa kwa kukisia.

Bibi mmoja alimkata kauli mwalimu wetu: "Mwanangu, mwaka mimi siujui. Niulize nilikuwa nimevaa nini, nitakwambia."

Basi tukatengeneza kalenda ya matukio kwenye karatasi moja kubwa, tukawa tunauliza kabla au baada. Uhuru, Desemba 1961. Muungano, Aprili 1964. Kuja kwa shilingi yetu badala ya ile ya Afrika Mashariki, 1966. Azimio la Arusha, Februari 1967. Kifo cha Mzee Karume, Aprili 1972. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Mwalimu kung'atuka, 1985. Mvua za El Niño, 1997 na 1998. Mtu asiyejua mwaka anajua kabisa kama alikuwa darasani au alikwisha kuolewa siku redio ilipotangaza kifo cha Karume.

Kuna maswali mengine ya shule yenyewe yanayobana mwaka, na haya yanafaa popote nchini. Je, ulimaliza darasa la saba au la nane? Darasa la nane liliondolewa miaka ya 1960, kwa hiyo aliyelifikia ni wa zamani. Je, ulipofika darasa la tano mlifundishwa hesabu kwa Kiingereza? Kuanzia 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Je, mlifanya mtihani wa darasa la nne wa kuchujwa, na mlilipa ada? Ada ya shule za msingi ilifutwa 1973. Majibu manne ya namna hiyo yanamweka mtu ndani ya miaka mitatu au minne bila kumlazimisha kukumbuka tarehe yoyote.

Gharama: kahawa, kashata na tende, 22,000. Betri za kinasa sauti, 6,000. Kinasa sauti kiwekeni juu ya kitambaa. Juu ya meza tupu kinarekodi vikombe tu.

11 Mei 2024: Debe la biskuti

Yule bibi wa mavazi alituita tena. Ana debe la biskuti lenye kila karatasi ya maisha yake: kadi za kliniki za watoto, stakabadhi za kodi, na cheti cha darasa la nne kilichokunjwa mara nne. Aliingia darasa la kwanza 1961, "kanga ya mama ilikuwa mpya, ya sikukuu, na bendera ya Mwingereza bado iko juu". Namba yake ya uandikishaji ni 71.

Ikiwa kila mwaka waliingia watoto wapatao 44 (612 ukigawa kwa miaka 14), wa mwaka wa kwanza wanaishia 44 na wa mwaka wa pili wanaishia 88. Namba 71 inaangukia mwaka wa pili. Mwaka wa pili ukiwa 1961, wa kwanza ni 1960.

Baadaye karani alipata cheti kingine kwa fundi cherehani mstaafu, aliyeingia 1966. Namba 302. Kwa hesabu ile ile, mwaka wa saba unaanzia 265 na kuishia 308. Hapo ndipo tulipoamini.

Bibi ndiye aliyetueleza chimbuko. Lilikuwa darasa la wazazi nyuma ya nyumba moja ya Ngamiani, chini ya TAPA, jumuiya ya wazazi iliyofungua madarasa mengi nchini wakati nafasi za shule za serikali zilipokuwa haba. Asubuhi walikaa kwenye mikeka kujifunza hesabu na kusoma, alasiri mikeka ile ile ilikuwa ya chuoni. Baba yake alikubali binti asome kwa sababu hiyo tu: mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa Kurani.

8 Juni 2024: "Ilijengwa na Mjerumani"

Kila kijiwe tulichokaa kilituambia jengo la zamani ni la Mjerumani. Ilibidi tulimalize jambo hili, maana watu walianza kutaka liandikwe kwenye kijitabu.

Ukweli wa Mjerumani ni mwingine, na ni mkubwa kuliko jengo letu. Shule ya kwanza ya serikali katika koloni lote la Afrika Mashariki ya Wajerumani ilifunguliwa hapa hapa Tanga mwaka 1892, ili kupata makarani, wakalimani na maakida. Mwaka uliofuata ndipo ujenzi wa reli ya kuelekea Muheza ulipoanza. Kwa sababu hiyo mji huu una kumbukumbu halisi ya skuli ya Mjerumani, nayo imetambaa ikaangukia kila ukuta mnene.

Tulikwangua plasta kwenye kona mbili. Ndani hakuna mawe ya matumbawe wala chokaa. Ni matofali ya saruji. Kisha tukapima. Vipimo vya vyumba vilitutatiza, mita 7.32 kwa 6.10, na nani anajenga hivyo? Mama wa kamati aligeuza utepe upande wa pili: futi 24 kwa 20, kamili bila nusu. Vyumba vya nyuma vilivyofuata vinatoka mita kamili. Jengo la vyumba viwili lilipigwa ramani kwa futi, lile la nyuma baada ya nchi kuhamia mita. Kwenye bahasha ya stakabadhi tukapata karatasi mbili za saruji za mwaka 1963. Enzi hizo kaulimbiu ilikuwa Uhuru na Kazi, na wazee wanasema matofali waliyafyatua wenyewe kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wanaume Jumapili na wanawake wakibeba maji ya kuchanganyia.

Utepe wenye pande mbili ni 5,000. Sijui kifaa kingine kilichotupa taarifa nyingi kwa bei hiyo.

20 Julai 2024: Fulana

Tulipeleka matokeo kwenye kamati. Kimya, kisha zogo. Waliomaliza mwaka mmoja walikuwa wamekwisha kuchapisha fulana zenye maandishi "1974–2024, Miaka 50", na fedha za watu zimeliwa na mchapaji. Mjumbe mmoja alisema kwa uchungu kwamba historia ingesubiri mpaka Agosti.

Kulikuwa na tarehe ya tatu pia. Cheti cha usajili kilichoko ofisini ni cha 1979, baada ya Sheria ya Elimu ya 1978. Wajumbe wengine walitaka hicho kifuatwe kwa sababu kina muhuri. Kwa kukifuata, shule ingekuwa na miaka 45, na bibi wa namba 71 angekuwa amesoma kwenye shule isiyokuwapo.

Mabishano yalikwisha kwa pendekezo la karani, kwamba ubao usiwe na neno moja "ilianzishwa" bali mistari mitatu: darasa la wazazi 1960, jengo la kwanza 1963, usajili 1979. Mwaka 1974 haumo kabisa. Fulana walipewa timu ya mpira ya shule, na sherehe ikasogezwa hadi Januari. Ubao mpya, chuma na rangi, 95,000.

Fundisho la matumizi kwa wanaotufuata: msiruhusu chochote kichapishwe chenye tarehe kabla rejista haijasomwa.

28 Septemba 2024: Mstari wa ukuaji

Tulisimama wiki ya mtihani wa darasa la saba, tukarudi kuchora mstari wa walioandikishwa kila mwaka kuanzia 1974. Mchoro wa kwanza tuliutupa. Katikati ya miaka ya 1970 ulipanda kupita kiasi, na kumbe watoto wa vibarua wa mkonge walikuwa wakihama na wazazi, wakirudi wanapewa namba mpya. Mtoto mmoja alihesabiwa mara mbili, hata tatu. Tulilinganisha jina la mzazi, mahali pa kuzaliwa na tarehe, mstari kwa mstari. Kazi ya kuchosha macho, haina njia ya mkato.

Mstari uliosafishwa bado unapanda. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, badala ya 1989 iliyopangwa mwanzo. Kwenye rejista unaliona agizo hilo kwa umri: darasa la kwanza lina watoto wa miaka saba wakikaa na wa miaka 13. Mkondo mmoja unakuwa miwili, kisha zamu ya asubuhi na ya mchana. Vyumba vya mita ni vya wakati huo, na walimu wengi waliokuja walikuwa wale wa UPE (mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote), vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa kazini. Leo wanasemwa vibaya. Bibi wawili na mzee mmoja waliojifunza kusoma kwao walitukanya tusiandike neno la dharau, nasi hatukuandika.

Kisha miaka ya 1980 mstari unashuka. Ada na michango vilirudi katikati ya muongo huo, na mkonge ulikuwa umeanguka: nchi iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa chini ya 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa mji kama Tanga hiyo si takwimu ya kitabuni, ni baba kukaa nyumbani. Kitabu cha mahudhurio kina vistari vingi vya utoro kuliko alama za waliohudhuria.

Mipando miwili iliyobaki ni rahisi kuieleza. Mwaka 2002, MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) na kufutwa ada, na kamati ya shule kushika akaunti na ruzuku ya kujenga. Mwaka 2016, elimu bila malipo, darasa la kwanza likajaa mpaka chini ya mwembe.

9 Novemba 2024: Safu ya mwisho

Hapa tulisimama muda mrefu kuliko tulivyopanga. Rejista ina safu ya mwisho, "sababu ya kuacha". Amehama. Amefariki. Mtoro. Na kwa wasichana, tena na tena: mimba. Pembeni jina kamili, jina la baba, kabila, dini.

Tulikuwa tumepanga kuweka picha za kurasa zote ukutani, watu watafute majina yao. Mama wa kamati alisoma ukurasa mmoja wa miaka ya 1990 akaufunga. Alisema wanne kati ya hao anakutana nao sokoni. Ni Novemba 2021 tu ambapo serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi; hawa waliandikwa kwa neno moja na hawakuulizwa.

Kuna sheria pia, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini kusema kweli uamuzi ulifanywa kabla hatujaifungua. Ukutani zinawekwa kurasa zilizofunikwa majina na safu ya mwisho. Kijitabu kinataja kwamba wasichana waliondolewa, bila ukurasa wala mwaka unaoweza kumwonyesha mtu. Mwenye jina akija na kitambulisho anaonyeshwa mstari wake peke yake. Wamekuja kadhaa. Mmoja aliomba neno lifutwe. Mwalimu mkuu alimweleza kwamba kumbukumbu haifutwi, ila inaweza kuongezewa, akaandika pembeni kwa tarehe ya siku hiyo kwamba mhusika alimaliza elimu ya watu wazima na ana duka lake. Hatukujua kama utaratibu unaruhusu. Yeye alitia sahihi yake.

25 Januari 2025: Ukuta

Novemba iliyobaki ililiwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, Desemba na likizo. Mbao za kwanza za ukuta tulizobandikia karatasi kwa gundi zilifura na kupinda kabla hata ya sherehe, kwa unyevu wa hapa. 120,000 ikapotea. Tulichapisha upya kwenye turubai la matangazo, 14,000 kwa mita ya mraba, na kulipigilia kwenye fremu za alumini. Halina uzuri wa karatasi, lakini kusi likija litalikuta pale pale.

Jengo la futi limebomolewa. Tuliomba matofali machache ya msaragambo, yamejengewa kama benchi chini ya turubai. Jumla ya matumizi imefika 690,000, na pengo lilizibwa na lile kundi la fulana, ambao sasa ndio wanaojua hesabu ya 44 kuliko sisi.

Kazi iliyobaki ni kitabu cha namba 1 hadi 612. Karani anaamini kilihamishwa na jumuiya ya wazazi, hakikuliwa na mchwa, na anapekua masanduku ya familia ya mwenye ile nyumba. Aliyesoma kwetu kati ya 1960 na 1973 na ana cheti, alete tukipige picha. Tunahitaji mwaka wa kuingia na ile namba tu.